Kasisi Majaliwa na shukrani isiyofuta msiba

Mzazi akimpeleka mtoto wake Mkunazini, Mji Mkongwe, ajiandae kuulizwa maswali. Nje ya Kanisa Kuu la Anglikana kuna shimo lenye sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni. Mtoto mkubwa atataka kujua waliuzwa bei gani. Mdogo atauliza mama yao yuko wapi.

Cecil Majaliwa alikuwa mtoto wa namna hiyo. Alizaliwa Uyaoni, akatekwa angali mdogo, akafikishwa Unguja utumwani. Watoto wa safari ile walitembezwa hadi pwani, kisha wakapakiwa majahazini. Wengi walifika wakiwa na vidonda, kuhara na ndui, na wengine hawakufika. Yeye alifika, akakombolewa, akawekwa mikononi mwa wamisionari wa Kiingereza waliokuwa wakilea watoto kama yeye tangu mwaka 1864, Sultani Majid alipomkabidhi Askofu Tozer wavulana watano wa mwanzo.

Akasoma Kiungani, nje kidogo ya mji. Akapewa kitanda, kitabu na jina la ubatizo. Masimulizi ya misheni kuhusu watoto hawa hupenda kuishia hapo: walipotea, wakaokolewa, wakashukuru. Ni kweli kwamba waliokolewa. Lakini mtoto aliyepewa kitanda kipya bado ana mama ambaye hatamwona tena, na hilo kitanda hakiliondoi.

Jambo hili halijaisha na karne ile. Katika nyumba zetu nyingi yupo mtoto wa ndugu aliyefiwa, analelewa na shangazi au mjomba. Akikataa chakula au akijifungia chumbani, neno la kwanza analoambiwa ni, "Shukuru Mungu, umepata pa kulala." Anayesema hivyo mara nyingi ana moyo mzuri, na kweli amejinyima ili mtoto ale. Ila mtoto husikia kitu kingine: kwamba kumlilia mama yake ni utovu wa adabu. Washauri wa watoto waliofiwa husisitiza aambiwe ukweli kwa maneno ya umri wake, asidanganywe kwamba mama amesafiri, na aruhusiwe kuuliza swali lile lile hata mara ya kumi. Shukrani ikija, itakuja kwa wakati wake.

Turudi kwa Majaliwa. Alikua, akawa mwalimu, akamwoa Lucy, kisha akapelekwa Uingereza kusoma Chuo cha Mtakatifu Augustino, Canterbury. Mwaka 1886 alifanywa shemasi na kutumwa Chitangali, upande wa Masasi, kwa mkuu wa Kiyao aliyeitwa Nakaam. Huko alikuwa miongoni mwa kabila lake, lakini kurudi kwa kabila si kurudi kwa mama. Aliondoka Uyaoni akiwa mateka, akarudi kwa Wayao akiwa na vazi la kanisa, mke na elimu ya ng'ambo.

Kazi ilimpokea. Alijenga kanisa na shule kwa miaka 11, akiwa mbali na uangalizi wa wazungu, na mji ule ukawa mfano. Mwaka 1890 Askofu Charles Smythies alimpa ukasisi, akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kufikia daraja hilo. Ibada ilifanyika Mkunazini, katika kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kukomesha biashara hiyo. Askofu Edward Steere, aliyelijenga, alikuwa amezikwa humo humo tangu 1882.

Wageni wengi leo hupita haraka kanisani, wakakimbilia vyumba vya chini vya jengo la jirani wanakoambiwa watumwa walifungiwa. Wapo wanahistoria wanaosema vyumba hivyo ni vya baadaye, vilijengwa pamoja na hospitali ya misheni kwa ajili ya kuhifadhi vitu. Mzazi asione vibaya kumwambia mwanawe hivyo. Kulizungumza soko lenyewe na kanisa lililosimama juu yake kunatosha kumjaza mtoto maswali hadi jioni.

Kisha ukaja mwaka 1897. Majaliwa aliiacha Chitangali, mahali alipoheshimika kuliko alivyowahi kuheshimiwa popote, akarudi Unguja. Sababu moja kubwa ilikuwa watoto wake: alitaka wasome. Shule nzuri zilikuwa Unguja, Kiungani kwa wavulana na Mbweni kwa wasichana, na kutoka Chitangali ilibidi kushuka hadi pwani na kupanda chombo. Angeweza kuwapeleka na kuwaacha. Wengi wetu tunafanya hivyo: tunampeleka mtoto bweni akiwa bado mdogo, tunatuma ada kwa simu, tunaonana likizo. Yeye akaja nao.

Uamuzi huo una gharama ambayo wasifu wa viongozi wa dini huupita kwa mstari mmoja. Chitangali alikuwa msimamizi wa eneo zima. Unguja alikuwa kasisi mmoja chini ya wazungu, karibu na askofu na kila jicho la misheni, na miaka yake iliyofuata haikuwa na utulivu wa ile ya Uyaoni. Mchungaji huhesabiwa kwa waumini aliowabatiza, na kwa hesabu hiyo Majaliwa alipata hasara. Lakini mtu aliyewahi kuchukuliwa kutoka kwa wazazi wake bila kuulizwa anajua umbali kati ya mtoto na mzazi unapimwaje. Ni vigumu kuusoma uamuzi ule bila kumwona mtoto yule wa jahazini.

Jina lake nalo linasema. Majaliwa ni kile ambacho Mungu amekijalia, na Waswahili hulitamka neno hilo wakiagana, bila kujua kesho italeta nini: tutaonana majaliwa.

Mwaka huo huo wa 1897, mwezi Aprili, Sultani Hamoud alitoa amri ya kuondoa utambuzi wa kisheria wa utumwa Unguja na Pemba. Watoto wa Majaliwa walianza maisha yao ya Unguja katika kisiwa ambacho sheria yake haikumtambua tena mtu kuwa mali ya mwingine.

Mwaka 1984, mmoja wa uzao wake, John Acland Ramadhani, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa kasisi, akawa Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana Tanzania. Alishika wadhifa huo hadi 1998, kisha akastaafu akiwa Askofu wa Zanzibar, dayosisi ambayo kanisa lake kuu ni lile lile la Mkunazini.