Taharuki na Tahadhari Ukingoni mwa Ziwa

Katika uhakiki wa fasihi, taharuki ni sifa. Msomaji hufunua ukurasa unaofuata kwa sababu hajui litakalotokea, na mtunzi aliyemtia katika hali hiyo husifiwa. Magazetini neno lilo hilo huja na sura nyingine: wakazi hukumbwa na taharuki, kijiji hutumbukia katika taharuki. Tahadhari haina mvuto huo. Hakuna riwaya iliyowahi kusifiwa kwa tahadhari zake.

Uliokuwa Mkoa wa Nyanza uliyajua maneno haya mawili kwa uchungu. Kuanzia Juni 1997 hadi Machi 1998, wagonjwa 14,275 wa kipindupindu walilazwa katika hospitali za mkoa huo, na 547 kati yao wakafariki. Hao ni takriban wanne katika kila mia, ilhali mgonjwa anayewahiwa kwa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo sahihi aghalabu hupona. Kinachoua ni kukaukiwa maji mwilini, nako huweza kummaliza mtu mzima kwa saa chache tu. Hofu, basi, haikuwa ya kipuuzi.

Swali ni ilikoelekezwa. Ulaya iliielekeza kwa samaki. Katika majira ya Desemba 1997 na Januari 1998, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji, na marufuku hiyo ikadumu hadi katikati ya 1998. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hatari ya ugonjwa huu kusafiri kwa vyakula vya biashara ni ndogo. Isitoshe, mbuta hupikwa, na moto huviua vijidudu hivyo. Lakini kiwanda cha minofu kikikosa soko, hasara haiishii langoni pake. Humfuata mvuvi, kisha humfuata mama wa mtaa wa Obunga, Kisumu, ambaye riziki yake ni kukaanga na kuuza mgongo wazi, yaani mifupa inayobaki minofu ikishaondolewa.

Watafiti waliouchunguza mlipuko huo waliuhusisha na mambo yaliyo karibu zaidi na nyumbani: kunywa maji ya ziwa au ya kijito, kula pamoja na mtu anayeharisha, na kuhudhuria karamu za matanga. La kwanza hutibiwa kwa kuni, au kwa dawa ya maji. La mwisho ni zito. Kwa Waluo, kumsindikiza marehemu ni deni, na chakula cha matangani ni sehemu ya heshima yake.

Wakuu nao hutaharuki. Aprili 2020, katika Kaunti ya Siaya, mwili wa mtu aliyefariki kwa Korona ulifukiwa usiku, bila jeneza, na watu waliovalia mavazi ya kinga. Picha zake zilienea nchi nzima. Familia iliyoziona ingekuwa na sababu gani ya kumtoa mgonjwa wake hadharani?

Matanga ya wakati wa kipindupindu hayahitaji giza. Yanahitaji maji na sabuni penye lango, maji ya kunywa yaliyochemshwa, chakula kinachopakuliwa kingali moto, na mpishi ambaye siye aliyeuosha mwili wa marehemu.