Safari ya Masika

Wahenga walituachia methali mbili zisizopatana. Moja yasema subira huvuta heri. Nyingine yasema ngojangoja huumiza matumbo. Nyumbani kwetu tuliishi miaka mingi kwa ile ya kwanza, na aliyeumia tumbo ni mama yangu.

Baba alikuwa dereva wa malori. Tangu barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi alipostaafu, alipita katikati ya Hifadhi ya Mikumi mara ambazo hakuna aliyezihesabu. Mama alibaki Iringa na shamba na sisi watoto. Kila mwaka baba alimwahidi kwamba kiangazi kikifika atampakia kwenye lori, amwonyeshe tembo wa Mikumi, kisha amfikishe Dar es Salaam akaione bahari. Kiangazi kilipofika barabara zilikuwa kavu, mizigo mingi, na tajiri wake hakutaka kusikia habari ya kubeba mke. Kifuku kilipofika mama alikuwa shambani. Baba alifariki mwaka 2009, na ahadi ile akaiacha vile vile ilivyokuwa.

Kulikuwa na jambo jingine. Baba alipotazamiwa saa tatu usiku akafika alfajiri, maelezo yake yalikuwa yale yale: tembo walifunga barabara. Mama hakubishana naye, lakini hakumsadiki. Mji wa Mikumi ulikuwa na sifa zake miongoni mwa wake wa madereva, na hizo hazikuwa sifa za tembo.

Mwezi Februari 2024 nilimpeleka mama kwa daktari wa macho huku Mbeya ninakofanya kazi. Alikuwa na umri wa miaka sabini na sita. Daktari alisema ni presha ya macho, ule ugonjwa uitwao glakoma, na kwamba umekwisha kula sehemu kubwa ya uoni wa pembeni. Nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Dawa ya matone huchelewesha tu ile iliyobaki isipotee. Tulipotoka nje mama alikaa kwenye benchi, akafunga vizuri khanga yake, akasema, "Basi mwanangu, ambacho sijakiona nikione sasa."

Safari zake zote zilikuwa za kupanda: Makambako, Njombe, Mbeya kuwaona wajukuu. Kuteremka Kitonga kwenda pwani hakuwahi. Nikajua anachosema.

Nilikwenda kwenye ofisi ya watalii nikaeleza haja yangu: Mikumi siku mbili, kisha pwani siku nne, mwishoni mwa Aprili, ndipo likizo yangu inapoangukia. Kijana wa pale alinitazama kama mtu aliyeomba maembe mwezi wa Julai. "Mama, huo ni wakati wa masika," akasema. Alinieleza kwa upole, na yote aliyosema ni kweli. Kuanzia Juni hadi Oktoba nyasi hukauka, maji hupungua, na wanyama hukusanyika penye maji, hivyo huonekana kwa urahisi. Wakati wa masika maji yapo kila mahali, basi wanyama nao hutawanyika, na nyasi ndefu huwaficha. Kambi nyingi za Hifadhi ya Nyerere hufungwa kwa sababu ya matope, na baadhi ya hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja nazo hufunga Aprili na Mei ili kufanya ukarabati. Kisha akanionyesha bei. Ile ya Julai ilikaribia kuwa mara mbili ya ile ya Aprili.

Nilitoka pale nikiwa na mawazo mazito. Nilijiuliza, je, nimpeleke mzee kwenye tope eti kwa sababu ni rahisi? Lakini nilipofikiri zaidi niliona kwamba kile kiangazi kizuri hakijawahi kuwa chetu. Zamani kilikuwa cha tajiri wa baba. Sasa ni cha wageni wenye fedha. Kilichobaki kwa watu wa mfuko wetu ni masika. Tena macho ya mama hayakuwa na kalenda ya utalii.

Basi nikaanza kupanga, na hapa, ndugu msomaji, labda utapata la kukufaa. Anayepanga safari ya masika hapangi kama yule wa kiangazi. Nilichagua Mikumi kwa sababu barabara ya lami inapita ndani ya hifadhi kwa kilometa zipatazo hamsini. Njia za ndani zikijaa maji, hutakosa kabisa. Nililala mjini badala ya ndani ya hifadhi. Niliacha siku mbili tupu ambazo hazikupangiwa kitu. Niliuliza kila nyumba ya wageni swali moja kabla ya lingine lolote: barabara au boti ikifungwa, fedha yangu inarudi? Moja kule Jambiani ilikubali kwa maandishi, nikaichagua hiyo ingawa haikuwa nzuri kuliko zote. Nilinunua viatu vya mpira, makoti ya mvua na chandarua, na dawa za mama nikazifunga kwenye mifuko miwili ya nailoni. Ada ya kuingia hifadhini haikunisumbua, kwani raia hulipa kidogo sana kuliko mgeni.

Tuliteremka Kitonga tarehe 28 Aprili, mama akiwa amekaa dirishani. Asubuhi iliyofuata dereva aliyetupeleka hifadhini alimwamkia, "Shikamoo bibi," akamsaidia kupanda gari. Siku hiyo tulipata mvua kuliko wanyama. Udongo mweusi wa bonde la Mkata ukilowa hushika tairi kama ugali mbichi, na tulikwama karibu saa nzima. Tuliona swala, ngiri wawili, na ndege wa kila rangi. Simba hatukumwona wala kumsikia. Usiku niliona aibu, kana kwamba mvua ile nimeiagiza mimi.

Siku ya pili jioni tulikuwa tunarudi mjini kwa barabara ya lami, tukiwa tumekata tamaa ya tembo. Mbele yetu malori yalikuwa yamesimama kwa mstari mrefu, baadhi yakiwa yamezima injini. Dereva wetu alisogea taratibu hadi tukaona. Tembo walikuwa wanavuka. Hawakuvuka kama ng'ombe wanaoswagwa. Walisimama juu ya lami, wakageuka, mmoja akaanza kula majani kando ya barabara, wadogo wakiwa katikati yao. Madereva walitulia ndani ya malori yao, na hakuna aliyepiga honi.

Nilimshika mama kichwa nikakielekeza, kwa kuwa macho yake huona la mbele tu. Akawaona. Hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha akamwuliza dereva, "Huwa wanakaa hivi muda gani?"

"Inategemea bibi. Dakika tano, pengine saa nzima. Na usiku ni hatari zaidi, lazima usubiri."

Mama akajifuta uso kwa pembe ya khanga. "Kumbe baba yenu alisema kweli," akasema.

Sijui ni mara ngapi baba alichelewa kwa ajili ya tembo na mara ngapi kwa ajili ya mengine. Mama naye hajui, wala si mtoto. Lakini nilimwona akishusha mzigo alioubeba zaidi ya miaka arobaini, na sikuona sababu ya kuukagua.

Pwani ilikuwa na mambo yake. Tulifika Dar es Salaam tarehe 2 Mei, boti ikiwa ni kesho yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa inatangaza habari za kimbunga kilichopewa jina Hidaya, na boti za kwenda Unguja zikasimamishwa. Tarehe 4 Mei kimbunga kilifika Mafia, na huko kusini mvua zilikata barabara ya kwenda Lindi. Sisi tulikuwa ndani ya nyumba ya rafiki yangu tuliyesoma naye, tunasikiliza upepo. Ndipo nilipozishukuru zile siku mbili tupu. Fedha ya Jambiani ilirudi, kasoro kidogo.

Upepo ulipotulia tulivuka kwa pantoni kwenda Kigamboni. Bahari haikuwa ile ya kwenye kalenda; ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na mawimbi yalitupa mwani na vijiti ufukweni. Niliona haya tena, nikaanza kumweleza mama kwamba wakati wa kiangazi huwa samawati. Hakunisikiliza. Alivua viatu, akaingia hadi kwenye magoti, akachota kwa kiganja, akaonja. "Ni chumvi kweli," akasema, akacheka kama msichana. "Na inasogea yenyewe."

Kwa siku mbili tulirudi pale kila mvua ilipokatika. Masika hainyeshi kutwa kucha. Humwaga, kisha hukupa jua la saa chache, na mwenye viatu vya mpira hulitumia.

Sikuandika haya ili kumshauri kila mtu asafiri wakati wa mvua. Mwaka ule mvua iliwaua watu na kubomoa nyumba, na anayesafiri bila kusikiliza matangazo ni mpumbavu. Ninachosema ni kwamba subira huvuta heri kwa mwenye muda wa kusubiri, na kwanza mtu ajiulize kama anao.

Sasa mama huona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Juzi, mawingu ya Machi yakiwa yametanda, aliniuliza habari ya Unguja. Nilichukua kalenda nikaanza kutafuta nyumba ya wageni inayorudisha fedha.