Addis Ababa: kuzaa si kazi, kazi ni kulea

MTU aliyezoea Kiswahili hapati taabu ya saa afikapo Addis Ababa. Wahabeshi, kama sisi, huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ni saa moja ile ile uijuayo.

Kwa hivyo, mama mwenye nyumba niliyofikia mtaani Ayat, mashariki mwa jiji hilo, mwaka 2023, aliponiambia kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba tutatoka saa kumi na mbili, nilimwelewa barabara. Nisichokielewa ni kwa nini tutoke mapema hivyo, ilhali kituo cha treni kilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni pake.

Alicheka, akanimiminia kahawa. Wenyewe huiita buna, nasi twasema buni.

Treni wao huiita babur. Ilipoanza kubeba abiria Septemba 2015, Addis Ababa iliingia katika historia kwa kuwa na reli ya kwanza ya abiria ya aina hiyo, iendayo kwa umeme, kusini mwa Sahara ukiondoa Afrika Kusini. Reli hiyo ya kilomita 34 hivi ilijengwa na kampuni ya China, na sehemu kubwa ya gharama, Dola 475 milioni, ikatoka kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China.

Njia ni mbili. Moja yatoka Ayat hadi Torhailoch, magharibi. Nyingine ilijengwa kutoka Uwanja wa Menelik II, kaskazini, hadi Kality, kusini. Katikati ya jiji zote mbili zikapewa reli moja.

Asubuhi hiyo nilikuta foleni ndefu kituoni. Akina mama walikuwa na vikapu, wanafunzi wamekumbatia vitabu, na wazee wamejitanda shuka nyeupe kujikinga na baridi ya nyanda za juu. Treni ilipowasili ilikuwa imeshiba. Tulijisukuma tukaingia.

Nikiwa nimebanwa dirishani niliona barabara pande zote mbili, na magari yamekwama. Karibu na Uwanja wa Meskel reli yapanda juu ya nguzo, na jiji lote laonekana chini yako. Hapo nilisahau msukumano.

Jioni yule mama alinieleza siri ya kuamka mapema. Familia yake ilihamia Ayat baada ya treni kuanza. Kodi ilikuwa nafuu kuliko katikati ya mji, na nauli ya treni wakati huo ilikuwa kati ya birr 2 na 6 tu. Mumewe alifika kazini bila wasiwasi, na binti yao chuoni vivyo hivyo.

Kisha treni zikaanza kupungua. Zilinunuliwa 41, lakini miaka michache baadaye chini ya nusu ndizo zilizokuwa zikitembea. Vipuri hutoka ng'ambo na hulipiwa kwa fedha za kigeni, ambazo Ethiopia ilikuwa na uhaba wake. Nauli nayo, kwa kuwa ndogo, haikutosha kugharamia matengenezo. Treni moja ikiharibika, nyingine hung'olewa vyuma ili kuiokoa ya tatu.

Anayeumia ni abiria. Binti wa mama huyo hubeba pesa katika mifuko miwili: mmoja wa treni, mwingine wa matatu za buluu na nyeupe, ambazo makanga wake huitwa weyala. Treni isipokuja upesi, au ikija haina nafasi ya kusimama, hukimbilia matatu na kulipa zaidi. Siku ya matatu ni siku ya kukosa chakula cha mchana.

Nilimkumbuka jirani yangu wa zamani. Kituo cha Syokimau kilipofunguliwa mwaka 2012, naye alifunga virago akahamia huko kwa sababu ya treni. Familia hupanga nyumba, shule na hata saa ya kuamka kwa kutegemea ratiba. Ratiba ikibadilika, maisha yote hubadilika.

Basi siku wakubwa wanapokata utepe na bendi kupiga, tupige makofi, lakini tuulize pia vipuri vitatoka wapi mwaka wa saba. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Reli nayo ni mtoto.