Nilijifunza Kuhariri kwa Masikio

Kazi yangu ya video hapa Lwakhakha ilikuwa ya simu mwanzo hadi mwisho. Harusi, mazishi, sherehe za chekechea, na kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, tohara za Kibukusu. Mchana napiga, usiku naunganisha vipande humo humo kwenye simu, naweka nyota zinazomiminika na maua yanayozunguka, natuma kwa WhatsApp, nalipwa. Wateja wa ng'ambo ya mto, upande wa Uganda, walilipa kwa shilingi zao na hawakuteta. Msidhani basi kwamba nilikuwa natafuta kubadilika. Hata laptopu niliyonunua, ya mtumba, ilikuwa ya kuhifadhia mafaili tu, maana simu ilishajaa.

Kijana wa saiba ndiye aliyeniwekea Kdenlive. Ni programu ya kuhariri video, ya bure, na si ile bure ya wiki moja kisha unaanza kudaiwa. Ilianza mwaka 2002, na mpaka leo inaendelezwa ndani ya mradi wa KDE na watu ambao wengi wao wanajitolea. Haipachiki nembo yake kwenye video ya mteja. Niliifungua, nikaona madirisha, vitufe na mistari vimejazana, nikaifunga. Nikarudi kwa maua yangu.

Kilichonirudisha ni maneno ya mjomba mmoja, Agosti 2024. Kwetu kijana anayekwenda kutahiriwa huzunguka kwa jamaa akiwaalika, akigonga kengele ziitwazo chinyimba kwenye vikuku vya chuma vya mikononi, na kwa mjomba wake huchinjiwa ng'ombe, akavishwa shingoni kipande cha nyama kinachoitwa luliki. Mjomba anapomvisha huongea. Humchokoza, humtisha, humwambia asije akaaibisha ukoo wa mama yake. Familia nzima husubiri maneno hayo. Mimi nilikuwa na picha safi ya luliki ikishuka shingoni, lakini nilisimama nyuma ya waimbaji, na sauti yangu ilikuwa vigelegele vitupu. Binamu yangu alikuwa karibu na mjomba. Alinasa kila neno, ila simu yake ilikuwa imeelekea chini: dakika nzima ya viatu na vumbi.

Kwenye programu ya simu niliyokuwa nikitumia, nilijua kuchagua kimoja tu: uso bila maneno, au maneno na viatu. Nikaikumbuka laptopu.

Ndipo nikaelewa ile mistari mingi ni ya nini. Picha ina mstari wake na sauti ina wake, na vinaachana ukitaka. Unabonyeza klipu ya kwanza, unaiambia hii ndiyo sauti ya kufuatwa. Unabonyeza ya pili, unaiambia ijipange kwa ile. Programu inalinganisha mawimbi ya sauti zote mbili, na klipu ya binamu ikasogea yenyewe mpaka mlio wa chinyimba wa huku ukakaa juu ya mlio wa kule. Nikazima sauti yangu, nikaficha viatu. Mjomba akaongea, na midomo yake ikaenda sambamba na maneno. Nilirudia kuitazama mpaka mke wangu akauliza kama nimelipwa zaidi.

Baada ya hapo nilianza kuthubutu. Kukata huku hakuligusi faili la asili. Kdenlive inaandika tu maagizo kwamba hapa anza, hapa ishia, na ukijuta unavuta ncha ya klipu, kilichokatwa kinarudi. Laptopu yangu ilikuwa ikikwama kwa picha nzito, nikajua kwamba inaweza kutengeneza nakala nyepesi za kufanyia kazi, kisha wakati wa kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, inachukua zile halisi. Stima ikipotea katikati, ukifungua tena inakuuliza kama urudishiwe kazi iliyokuwa haijahifadhiwa. Kurenda kwenyewe ni kwa polepole, nakiri, na kama unataka herufi za kurukaruka simu bado inashinda.

Lakini sizitaki tena. Sasa naanza na masikio: chinyimba zisikike kwanza, ukiwa bado unatazama akina mama jikoni, ndipo kijana atokee kwenye njia ya migomba. Mtazamaji anageuza shingo kabla hajamwona. Wapo wateja wanaouliza nyota zimeenda wapi, na bei imepanda kidogo, kwa hiyo wawili watatu wamehamia kwa wenzangu.

Siku hizi simu ya ziada simpi mtu ashike. Naitia kwenye mfuko wa shati la mjomba, ikirekodi sauti tu, na kwenye risiti naiandika kama kamera ya tatu.