Mkuu wa kijiji aliyesema kwa maneno yangu

Mpwa wangu aishiye Uingereza alipokuja kututembelea wakati wa likizo, alileta mchezo ambao nusura niupige marufuku. Haukuwa mchezo wa kompyuta. Wachezaji huketi pamoja, mmoja akawa msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki akajifanya mtu fulani katika kisa: mwindaji, mhunzi au mfalme. Msimulizi hueleza yaliyotokea, nao husema watafanya nini. Mchezo mashuhuri wa aina hii, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974.

Nilimwekea masharti mawili. Kwanza, pasiwe na uchawi wala miungu ya kubuni. Pili, dadu zisitumike, kwa kuwa wanazuoni wengi wamekataza michezo ya dadu. Hakubisha. "Sawa, Mjomba, tutaokota vikaratasi vyenye namba." Baada ya swala ya Isha wakaketi mkekani pamoja na watoto wa jirani, nami nikakaa kando nikijifanya nasoma.

Kisa kilihusu kijiji kilichokuwa chini ya bwawa. Mwanangu wa miaka 12 alipewa nafasi ya mkuu wa kijiji, mtu mkali lakini anayewapenda watu wake. Alivaa kofia yangu, akakunja uso, akaanza kutoa amri. Mdogo wake, aliyekuwa mchunga mbuzi, akaja kumweleza kuwa ameona ufa katika ukuta wa bwawa.

"Mtoto anajua nini?" mkuu wa kijiji akafoka. "Mimi nikisema nimesema!"

Watoto wakaangua kicheko, kisha wakanitazama kwa pembe za macho. Maneno yale yalikuwa yangu, na kile kidole kilichoinuliwa kilikuwa changu pia.

Baadaye seremala naye akauona ufa, lakini hakwenda kusema. Usiku bwawa likapasuka, kijiji kikazama. Mpwa wangu akamuuliza mtoto aliyekuwa seremala kwa nini alinyamaza. Akajibu, "Angenigombeza."

Wenzake walipokwenda kulala, nilimwita mwanangu barazani. Kwa wiki mbili alikuwa akichelewa kurudi kutoka shule, nami nilimkemea kila siku bila kumuuliza sababu. Sasa nikamuuliza, kisha nikanyamaza nimsikilize. Baada ya kimya kirefu akasema kuwa wavulana wakubwa humnyang'anya nauli, hivyo hurudi kwa miguu.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijaribu, Baba. Ukasema nisilete visingizio."

Shule zilipofunguliwa nilimsindikiza, nikazungumza na mwalimu wake.

Ndugu wazazi, sisemi kwamba ukali hauna mahali pake katika malezi. Lakini Surat Aal Imran, aya ya 159, inatufundisha kuwa watu walikusanyika kando ya Mtume (s.a.w.) kwa ulaini aliojaaliwa na Mola wake, na kwamba ugumu wa moyo ungewatawanya. Aya hiyo hiyo inamwamrisha ashauriane nao. Ikiwa yeye, aliyekuwa akishushiwa wahyi, aliamrishwa kuwasikiliza watu wake, mimi baba wa nyumba moja nina udhuru gani?

Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wetu watuheshimu bila kutukimbia, na watuambie mapema wanapouona ufa. Amin.