Kuchagua Hedifoni za Thamani

Jicho lina kope, na kinywa kina midomo. Vyote viwili mwenyewe huvifunga apendapo. Sikio halina mlango. Hupokea jema na baya, mchana na usiku, wala halina njia ya kukataa. Kwa sababu hiyo, kitu chochote tunachokiweka karibu na sikio chataka kuchaguliwa kwa uangalifu mkubwa kuliko kitu tunachokivaa mguuni au mkononi. Kitu ninachotaka kukizungumza hapa ni hedifoni, yaani vipokea sauti vya masikioni. Nazo si zile za bei ya kawaida, bali zile za thamani ambazo mpenda muziki huzinunua baada ya kuweka akiba kwa muda mrefu. Muziki ninaoukusudia ni roki na metali, kwa kuwa ndio niupendao, na kwa kuwa hujaribu uwezo wa chombo kwa ukali sana.

Watu wengi husema ya kuwa metali si muziki bali ni kelele, na ya kuwa mtu atakaye kelele hana haja ya chombo kizuri. Hoja hii ina nguvu mpaka ichunguzwe. Katika kelele hakuna mpango. Katika metali mpango umo, lakini umefichwa na msongamano. Magitaa mawili hupigwa kwa mkwaruzo unaojaza nafasi yote ya katikati. Chini yake lipo gitaa la besi. Ngoma kubwa hupigwa kwa kanyagio mbili, na wimbo ukienda mapigo 200 kwa dakika, kila pigo likigawanywa mara 4, miguu ya mpigaji hutoa mapigo zaidi ya 13 kwa sekunde moja. Juu ya hayo matoazi hulia bila kukoma, na mwimbaji hupaza sauti kati yao. Chombo hafifu huyavuruga mambo hayo yakawa bokoboko. Chombo kizuri huyatenga kama wali uliopikwa na mpishi stadi, kila punje peke yake. Basi anayesema kuwa ni kelele huenda amesikia ubaya wa chombo, wala hajausikia muziki wenyewe.

Uzito wa muziki huu una historia. Tony Iommi, mpiga gitaa wa kundi la Black Sabbath la Birmingham, Uingereza, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani alipokuwa na umri wa miaka 17. Hakuacha gitaa. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, akatumia nyuzi nyembamba, na katika albamu ya mwaka 1971 iitwayo Master of Reality akazilegeza nyuzi katika nyimbo kadhaa. Uzi mnene wa gitaa, ambao kwa desturi hutetema mara 82 kwa sekunde, ulishuka hadi 69 hivi; na ule wa gitaa la besi ulishuka kutoka 41 hadi karibu 35. Wapigaji wengi walifuata njia hiyo, na sauti nzito ikawa alama ya metali duniani. Imefika hata kwetu: kundi la Duma la Nairobi lilitoa albamu yake mwaka 2020 kwa mkono wa Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni dhahiri, basi, ya kuwa hedifoni zisizoweza kushuka chini hunyima muziki huu nguzo yake.

Hedifoni zenyewe zilitumika kwanza katika simu na redio. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee, Marekani, alionyesha hedifoni za stirio zilizokusudiwa muziki. Mwaka 1968 kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitoa hedifoni za HD 414, ambazo mgongo wake ulikuwa wazi. Tangu hapo mnunuzi amekuwa na swali la kwanza la kujibu: mgongo wazi au mgongo uliofungwa?

Mgongo wazi huiachia sauti ipumue. Magitaa husikika kama yako mbele ya msikilizaji katika ukumbi, si kama yamefungiwa ndani ya fuvu lake. Lakini kinachosikika ndani husikika na nje, na kelele za nje huingia. Mtu hawezi kuzitumia bwenini usiku wala ndani ya matatu bila kuwaudhi wenziwe na kujiudhi mwenyewe. Mgongo uliofungwa hulinda faragha na huizuia kelele, ila mara nyingi hubana nafasi ya muziki, na zile zisizoundwa vema huvimbisha besi mpaka ikayafunika magitaa. Mimi huchagua mgongo wazi kwa sababu husikiliza nyumbani, mahali patulivu. Asiye na mahali patulivu na achague uliofungwa, wala asione haya.

Swali la pili lahusu kinachotikisa hewa. Hedifoni nyingi zina koili ya waya iliyogandishwa katika utando mdogo, nayo husukumwa na sumaku. Nyingine zina utando mpana na mwembamba ambao nyaya zake zimetandazwa juu yake wote, ukakaa mbele ya safu ya sumaku au kati ya safu mbili. Aina hii ya pili, kama zile za kampuni ya Audeze ya California, hushuka chini sana bila kuchoka, na mapigo ya haraka hayapandani. Ubaya wake ni uzito. Nyingine hupita gramu 500, na shingo hulalamika kabla ya sikio.

Kila jina lina tabia yake. Katika Brooklyn, mjini New York, jamaa ya Grado, iliyoanza kazi mwaka 1953 kwa kutengeneza vifaa vya sindano za gramafoni, hutengeneza hedifoni zinazopendwa na watu wa roki: magitaa yake yana makali na uhai, lakini besi ya chini kabisa hupungua. Sennheiser HD 600, za tangu mwaka 1997, zina adabu. Sauti ya mwimbaji husimama kwa haki yake, na matoazi hayachomi. Lakini ukinzani wake ni omu 300, na simu nyingi haziwezi kuziendesha vema bila amplifaya. Beyerdynamic DT 990, za Ujerumani pia, zina besi ya kutosha, ila sauti zake za juu ni kali, na matoazi ya metali huweza kumchosha msikilizaji upesi. Hakuna iliyo bora kwa watu wote. Iko iliyo bora kwa sikio fulani na muziki fulani.

Namna ya kupima si ngumu. Mnunuzi achukue nyimbo tatu anazozijua kama njia ya kwao. Wa kwanza uwe na ngoma za haraka, asikilize kama mapigo yanatengana. Wa pili uwe na magitaa mazito, asikilize kama besi inajitenga nayo. Wa tatu uwe na matoazi mengi, ausikilize kwa nusu saa, aone kama sikio linaomba kupumzika. Zaidi ya hayo, ahakikishe ya kuwa hedifoni zote anazolinganisha zina nguvu moja ya sauti, kwa kuwa sikio hudanganyika: likisikia iliyo juu kidogo, hudhani ni nzuri zaidi. Tena asitazame bei kabla ya kutoa hukumu. Akipenda chongo huita kengeza, na aliyetoa fedha nyingi hupenda mno alichokinunua.

Kuna jambo jingine ambalo fedha haiwezi kulitenda. Hedifoni haziwezi kurudisha kilichoondolewa na waliorekodi. Katika albamu ya Metallica ya mwaka 1988, ...And Justice for All, gitaa la besi karibu halisikiki. Na katika Death Magnetic ya mwaka 2008 sauti zilisukumwa juu mpaka tofauti ya upole na ukali ikasongwa. Chombo kizuri huonyesha kasoro hizo wazi kuliko chombo kibaya. Anayenunua kioo safi asikasirike akiona kovu usoni.

Nimebakiza jambo ambalo ni kubwa kuliko yote. Ninaye rafiki aliyepiga ngoma miaka mingi bila kinga masikioni. Baadaye, fedha zilipopatikana, alinunua hedifoni za thamani kuliko zangu. Siku moja tulisikiliza wimbo mmoja kwa zamu, akaniuliza kama matoazi yamo. Nikamjibu kuwa yamo, tena ni mazuri. Alitikisa kichwa, akaniomba nimweleze yanavyolia. Yeye husikia besi, husikia magitaa, na husikia mluzi usiokoma ambao haumo katika wimbo. Chombo chake hakina kosa lolote.

Ndani ya kila sikio mna chembe zenye vinywele, kama elfu 15 hivi, ambazo hugeuza mtetemo kuwa habari ya ubongo. Zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2022 ya kuwa zaidi ya vijana bilioni 1, wenye umri wa miaka 12 hadi 35, wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kwa kusikiliza sauti kubwa. Shirika hilo huweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na 75 kwa watoto. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini huhesabu desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda hukatwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1, na kwa desibeli 100 zimebaki dakika 15 tu.

Hapa ndipo faida kubwa ya hedifoni nzuri ilipo. Mtu hupandisha sauti kwa sababu hasikii anachokitafuta: besi imefunikwa, au kelele za nje zimeingia. Chombo kinachotenga sauti humpa kila kitu kwa kiasi kidogo, naye hana sababu ya kupandisha. Kijana asiye na fedha za chombo cha thamani asihuzunike. Na achukue alichonacho, akae mahali patulivu, ashushe sauti, apumzike kila saa moja. Hedifoni zikivunjika duka lipo. Sikio halina duka.