Duara la Milimita 16

Agari ya kuoteshea bakteria ilibaki kopo moja, na mimi nilikuwa na sahani thelathini za kumwaga. Nikazipunja. Sahani ya kupimia dawa hutakiwa kuwa na agari yenye kina cha milimita 4. Zangu sidhani kama zilifika 3. Nilikuwa na miezi minne tu kazini, kwenye maabara ya mifugo, na upunjaji ule niliuita kubana matumizi.

Tulikuwa tunajaribu oksitetrasaiklini, dawa ya wigo mpana ambayo wafugaji wa kuku huinunua kama chumvi, dhidi ya E. coli waliotoka kwa vifaranga wagonjwa. Unapaka bakteria, unaweka kikaratasi chenye dawa, unalaza sahani kwenye joto la nyuzi 35. Asubuhi unapima kwa rula lile duara ambalo bakteria hawakuota. Milimita 15 na zaidi, dawa inafaa. 11 kushuka chini, bakteria ni sugu. Duara langu lilikuwa 16. Nikaandika: inafaa.

Shahidi alikuwepo. Kila upimaji huenda na E. coli wa kulinganishia, ambaye duara lake linajulikana: kati ya 18 na 25. Siku ile lilikuwa 28. Agari ikiwa nyembamba dawa haina pa kuzama, hutambaa pembeni, na duara hutanuka. Hilo nilifundishwa chuoni. Nikajiambia rula imeteleza.

Kwa sababu ya ile 16, vifaranga ishirini wakaambukizwa. Kumi wakapewa dawa kwenye maji, kumi maji matupu. Siku ya tatu wote walikuwa wamejikunyata chini ya taa, mabawa yameanguka, kinyesi kimegandia nyuma. Wa maji matupu wakafa wanane. Wa dawa, saba.

Bosi akamwita mzee wa banda.

"Mzee wangu, una hakika dawa uliipima?"

"Niliipima kwa mkono huu, daktari."

Mimi nilikuwa nimesimama palepale, daftari kwapani. Sikusema neno.

Jioni, wenzangu walipoondoka, nikamwaga sahani upya, safari hii kwa kipimo. Kesho yake duara likasoma 11. Ukurasa wa zamani nikauchana, nikauchoma kwenye jiko la gesi la maabara.

Mzee alihamishiwa getini. Kila asubuhi alinifungulia, akaniuliza kama vifaranga wapya wanaendelea vizuri.